Namba Moja Haipo

Mkuyuni wananiita Babu Midoli. Sikatai.
Nilikuwa fundi redio
mpaka simu zikazimeza redio,
nikabaki na bisibisi, koleo, gundi,
na mikono isiyojua kukaa bure.

Jumamosi alfajiri niko Mlango Mmoja,
marobota yanakatwa kamba,
wenzangu wanagombea jinzi na makoti.
Mimi nainamia masalia:
mguu wa plastiki, kichwa kipara,
jicho moja linalonitazama bila haya.
"Mzee, mia tano, beba na mguu."

Nyumbani nawaosha kwa mswaki uliozeeka,
nawapandikiza nywele za katani,
nawavika vipande vya khanga
anavyonitupia Nyanzobe kutoka cherehani yake.
Kisha wanaondoka.
Mmoja alikwenda na mtoto wa muuza dagaa wa Mwaloni,
wiki haikuisha akarudi ananuka kauzu,
mkono umeng'oka.
Nilicheka peke yangu, nikamrudishia mkono.

Bi Sundi wa Isamilo ni mtu mwingine.
Kwake unavua viatu mlangoni, na sauti pia.
Kabati nne za vioo, taa ndani,
wanasesere mia moja na kumi na wawili
(yeye hasemi midoli),
wengi hawajatoka kwenye boksi tangu kiwandani.
Ana daftari gumu: namba, mwaka, nchi, bei,
na safu ya mwisho, "hali",
ambamo ukurasa kwa ukurasa ameandika:
haijaguswa, haijaguswa, haijaguswa,
kama anahesabu sahani.

"Mimi ni mkusanyaji," aliniambia siku ya kwanza.
"Wewe unachezacheza."
Hakukusudia kutukana. Alisema
kama daktari anavyosema una presha.

Nilishuka mlima na lile neno mfukoni,
nikiligusagusa kama sarafu ya kigeni.
Ni kweli, sina daftari.
Ukiniuliza mdoli fulani ni wa mwaka gani
nitakwambia: mwaka ule ziwa lilipanda
mpaka ngazi ya tatu kwa akina Bugingo.

Masika dari lake likavuja.
Akanipigia usiku, hakusalimu.
Boksi limelowa, karatasi inavimba,
na ndani yake kope zimeganda,
jicho liko wazi, halifumbi.
"Ukimtoa, bei inashuka nusu."
"Nisipomtoa, ataota ukungu."
Mkasi aliushika mwenyewe.
Sijawahi kuona mtu akikata gundi ya karatasi
taratibu namna ile.

Kuupoza ukimya nikauliza,
mbona daftari linaanzia namba mbili?

"Namba moja alikuwa gunzi."
Gunzi?
"La mahindi. Ukara, kwa bibi.
Nywele zake zilikuwa za hindi lenyewe, nyekundu,
nambeba mgongoni, namwonjesha uji.
Siku ya kuhamia mjini
mama akasema boti haibebi takataka.
Bibi hakuwa na kuni siku ile."

Sikuwa na la kusema, nikaendelea na jicho.
Tone la mafuta ya cherehani, pamba, subira.
Ndani ya kichwa kuna kijiwe cha risasi,
ndicho kinachovuta kope.
Kikalegea: tk.
Akamchukua, akamlaza, jicho likafumba.
Akamwinua, likafumbua.
Akamlaza tena. Na tena.
Mara ngapi, mimi sikuhesabu,
na yeye, mwenye hesabu zake, hakuhesabu.

Kabla sijavaa viatu nilimwona
akifuta kwenye ile safu ya mwisho,
akipuliza vumbi la ufutio,
akiandika neno moja: anafumba.

Sasa nisijifanye mtakatifu wa watoto wa Mwaloni.
Juu ya rafu yangu, nyuma ya spika mbovu,
yupo mmoja, wa kwanza niliyemnunua,
uso umepauka, kidole kimoja hana.
Miaka sita kila mteja namwambia
huyu bado, subiri, sijammaliza.
Nilimmaliza kitambo.

Jana mtoto wa Nyanzobe alimnyooshea mkono.
Nikasema usiguse,
gundi haijakauka.